Maji ya Shangazi Yake Sultani

Palikuwa na sultani, Badawi jina lake, aliyejipenda hata akaona maiti za kwao zanukia udi. Makaburi ya ukoo wake aliyaweka kilimani, juu kidogo tu ya kisima cha mji, ati huko ndiko kwenye upepo mzuri. Upepo! Wafu wapunge upepo, walio hai waharishe.

Kila masika maji yalipita makaburini yakashukia kisimani, na watoto wakafa. Watu walipolalamika, Badawi akapiga mbiu: maji yale yamegusa mifupa ya wafalme, kwa hiyo ni baraka. Kila atekaye aseme "Ahsante, Maulana," na atakayeguna atakula bakora. Yeye mwenyewe alikunywa maji ya mvua, kwenye birika la mawe uani kwake, tena lenye kufuli. Baraka hakuionja hata tone.

Sasa, mwosha maiti wa mji alikuwa Bi Mwanakheri, fukara wa mali, tajiri wa ulimi. Masika yale alikuwa ameosha watoto tisa, na wa tisa ni mjukuu wake. Hakuguna. Alingoja.

Shangazi yake sultani akafa, na Bi Mwanakheri akaitwa jumbani. Desturi ni kuchimba ufuo chini ya kitanda cha kuoshea, shimo la kufukia maji ya maiti yasikanyagwe na mtu. Siku ile bibi akakataa ufuo, akataka karai. Alipomaliza akayatia maji mtungini, akajitwisha, akatoka nayo uani mbele ya wazee wote, mpaka kwenye birika lililofunguliwa kwa udhu wa waliokuja mazikoni.

"We bibi!" sultani akamaka. "Una nini humo?"

"Maji aliyooshwa shangazi yako, Maulana."

"Wayapeleka wapi?"

"Nakuletea baraka."

"Una wazimu? Huo ni uchafu!"

"Shangazi yako mchafu, Maulana? Mimi sikusema. Wazee hawa ndio waliosikia."

Badawi akawatupia wazee jicho. "Si mchafu. Ila maji yake hayanywewi."

"Sisi twanywa mwaka wa saba huu. Tena twashukuru."

"Yenu yamechujwa na udongo!"

"Udongo huo ulichuja vizuri mno, nikamwosha mjukuu wangu. Haya nimeyachuja kwa kanga. Mpya, Maulana, haijafuliwa hata mara moja."

Akauinamisha mtungi juu ya birika. Sultani akaruka, kilemba kule, kiatu kule.

"Usimwage! Usimwage hapo!"

"Nimwage wapi?"

"Mbali! Nyikani, kusikokaa mtu, kusiko na kisima!"

"Amri ya nani?"

"Amri yangu!"

Bi Mwanakheri akawageukia wazee.

"Mmesikia wenyewe. Basi inueni jeneza, marehemu afuate maji yake."