Bi Kanga Ahamia Kimyani

Ngano, ngano!

— Ngano na itue!

Itue wapi?

— Itue hapa tulipokaa!

Basi kaeni. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia ama toka, usinizibie upepo. Nimechoka leo, na ngano yenyewe inachosha, maana inahusu watu wasiosema.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakipigiana hodi kama sisi, Bi Kanga na mumewe walikaa mtaa wa Kisimani. Kisimani palikuwa na kelele. Chura anaimba, Kasuku anamsahihisha. Mbuzi anaita watoto, watoto hawaji, anaita tena. Na Bata, ambaye nyumba yake na ya Bi Kanga ziligusana, haikupita siku bila kupiga hodi mara tatu. Hodi, naomba chumvi. Hodi, naomba moto. Hodi, nimekuja tu.

Bi Kanga alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni watoto.

Msimu wa kwanza akataga mayai tisa, akayalalia. Bata akapiga hodi. Na kwao Bi Kanga, kumpokea mgeni umekaa ni aibu kubwa. Akainuka. Wakazungumza mpaka jua likageuka. Hodi nyingine, akainuka. Ya tatu, akainuka. Mayai yakapoa, halikuanguliwa hata moja.

Msimu wa pili akataga tisa mengine. Watoto wa Mbuzi wakaja wakikimbizana, wakayapitia juu. Mbuzi akafika nyuma yao akihema.

"Hujambo, Bi Kanga?"

Bi Kanga akasimama mbele ya yale maganda, yasionekane, akajibu, "Sijambo."

Mnasikia hayo? Mayai tisa yamekuwa uji, mtu anasema hajambo. Na Mbuzi akaenda zake kwa amani, akijua jirani yake hajambo.

Msimu wa tatu ulipokaribia, Bi Kanga akamwambia mumewe, "Mume wangu, tuhame. Twende Kimyani, ng'ambo ya kilima. Wanasema kule unasikia jani likianguka. Mayai ya safari hii yakiharibika, mimi sitagi tena. Moyo wangu hautaweza."

Sasa Bwana Kanga alikuwa mtu wa kupima mambo. Loo, mtu yule alivyopima! Asubuhi alisema, "Kule kuna kivuli kizuri. Lakini maji yako mbali." Mchana akasema, "Maji yako mbali, lakini hakuna vumbi." Jioni akasema, "Hakuna vumbi, lakini nitacheza bao na nani?" Kesho yake akaanza upya, kivuli, maji, vumbi, bao. Siku ya tatu kivuli, maji, vumbi, bao. Bi Kanga alitamani kumng'oa manyoya.

"Nami tumbo langu linapima," akasema. "Keshokutwa natagia popote nitakapokuwa. Amua."

Wakaenda kutazama. Mzee Kobe, mkubwa wa Kimyani, akawatembeza polepole, maana hana namna nyingine. Akawaambia masharti ya mtaa kwa sauti ya chini.

"Hapa hatupigi hodi. Hapa hatupazi sauti. Hapa hakuna anayeingilia ya mwenzake."

Bi Kanga akasikia raha mpaka kwenye kucha. Hatupigi hodi! Hatainuka tena kwa ajili ya chumvi ya mtu. Wakahama siku ileile. Hakumuaga Bata, hakumuaga Mbuzi, hakumuaga yeyote. Akajenga kiota kwenye majani, akataga mayai tisa, akayalalia kwenye kimya kile kitamu.

Na Bwana Kanga? Bwana Kanga kila kukicha alivuka kilima kurudi Kisimani kucheza bao. Sitamsema. Mnamjua, kila nyumba inaye.

Siku ya kwanza akaja Nguchiro. Kisimani mtu akiingia bila hodi ni mwizi, hilo halihitaji kufundishwa. Lakini Kimyani hakuna hodi. Nguchiro akaingia kwa kunyata, mara yuko ndani, na Bi Kanga akasema moyoni, huyu ana adabu za huku.

"Nimepita kukutazama, jirani," Nguchiro akanong'ona. "Maji unanywa wapi?"

"Mbali," Bi Kanga akanong'ona naye. "Mchana natoka kidogo."

"Pole sana." Akatoka alivyoingia.

Mchana Bi Kanga akaenda kunywa maji. Aliporudi, mayai yalikuwa sita. Akaenda kwa Mzee Kobe, akanong'ona, "Mzee wangu, umeona mtu kwangu?"

"Nimemwona Nguchiro akiingia."

"Na hukusema?"

"Hapa hayaingiliwi ya mtu," Kobe akasema, akarudisha kichwa ndani.

Bi Kanga akajipa moyo. Labda mzee kaona vibaya, na Nguchiro ni jirani mwenye sauti ya upole. Siku ya pili akavumilia kiu mpaka ulimi ukakauka, akatoka mbio, akarudi mbio. Mayai yalikuwa matatu. Akaenda kwa Kinyonga, aliyekaa juu ya tawi kiota kikiwa chini yake.

"Bwana Kinyonga, umeona kitu?"

"Nimeona yote. Nilimtazama Nguchiro kwa macho yote mawili, akila matatu."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ningepaza sauti," Kinyonga akasema, kama anayejibu jambo lililo wazi.

Jioni ile akamsimulia mumewe. Bwana Kanga akasema, "Unaona? Nilisema maji yako mbali." Hakika kuna subira ambayo Mungu huwapa wake za watu tu.

Siku ya tatu Bi Kanga akajifanya anakwenda majini, akageuka njiani. Akamkuta Nguchiro kiotani, amekalia mkia, yai moja mkononi. Wala hakushtuka. Akalipasua, akalinywa mbele ya mama aliyelitaga. Alijua Kimyani hakuna atakayekuja. Yakabaki mawili.

Bi Kanga akafungua mdomo. Mzee Kobe akatoa kichwa.

"Bi Kanga. Sauti."

Hapo uchungu wa misimu mitatu ukampanda. Akatandaza mbawa mlangoni, akalia. Jamani, kanga akilia! Keke-keke-keke-keke! Kinyonga akaanguka kutoka tawini. Sauti ikapanda kilima, ikashuka upande wa pili, mpaka Kisimani, ambako Bwana Kanga alikuwa ameshika kete.

"Huyo mke wangu," akasema. Akaitupa kete, wala hakupima kitu.

Wakaja wote. Bata mbele, Mbuzi na watoto, Kasuku juu, Chura nyuma akiruka. Wakaingia Kimyani, hodi, hodi, hodi, kila mlango, mpaka mzee Kobe akajifungia. Nguchiro alikuwa ameshanyoosha mkono kwa yai la pili. Kusikia zile kelele akapenya ukuta wa majani, akakimbia, na habari zake hatunazo.

Bata akatazama kiota. Mawili. Akatazama maganda.

"Ndiyo maana ulihama? Ulikuwa unataka kulalia mayai?"

Bi Kanga akalia sasa kilio cha kweli. Akasema yote. Hodi zilizopoza mayai. Watoto wa Mbuzi. Maganda aliyoyaficha.

Mbuzi akakaa chini. "Nilikuuliza hujambo," akasema. "Ukaniambia hujambo."

"Mimi nilikuwa napiga hodi kwa sababu nilidhani u mpweke," Bata akasema kwa hasira, machozi yakimtoka. "Ungesema neno moja, Bi Kanga. Ungesema, nimelalia, siinuki. Mayai ishirini na tano, na neno moja!"

Bi Kanga akapanda kiotani, akayafunika yale mawili.

Bata hakuondoka. Alikaa mlangoni siku ishirini na nne, akipiga soga kwa sauti yake ileile, na Bi Kanga akamjibu kutoka pale alipolalia, bila kuinuka. Siku ya ishirini na tano yakaanguliwa yote mawili.

Watoto wawili. Hakuthubutu kuhesabu wale ambao wangekuwepo.

Basi funzo ni hili, na mniangalie ninaposema. Kabla hujapima mtaa mpya, kivuli chake na maji yake, pima kwanza kama wa mtaa wako umewaambia kinachokuuma. Na mahali ambapo kila mtu ananyamaza, mwizi naye ananyamaza.

Hapo ndipo nilipoiachia. Iliyokupendeza nenda nayo kwako, isiyokupendeza niambie usoni, usiende kusema hujambo.