Sange na Mchezo wa Jina la Ushujaa

"Baba, kukataza mnajua. Kufundisha mtaanza lini?"

Swali hilo aliliuliza Ndama, bintiye Nyati, mbele ya baraza zima la wanyama. Jamani, pembe zilikuwa nyingi pale! Wazee wakakohoa, kho kho!

Ilikuwa zamani za kale, ila si kale mno, maana simu zilikwisha kuingia mwituni. Baraza lilikaa kumhukumu Sange, kinyama chenye pua ndefu, kidogo kuliko kwato ya Nyati. Kosa lake? Kuwachezesha watoto. Alijifanya rafiki mpya wa simuni, akawabembeleza wamtajie neno la siri. Aliyetaja alipakwa tope puani. Na aliyelijua neno la mwenziwe hakuruhusiwa kulitumia, sharti amwendee na kumwambia, "Badilisha, limevuja."

"Huo ni wizi!" Nyati alifoka. "Unawafundisha wanetu kuvunja milango. Leo utahama mwitu huu!"

"Mzee wangu, mimi nafundisha kuifunga."

"Umfundishe nani wewe? Simu yangu haijaingiliwa hata siku moja. Wazee tuna akili!"

Sange aliinamisha pua. "Basi nitahama. Ila nimesikia kuna mchezo wa watu wazima. Unataja jina la mama yako na mto wa kwanza ulikokunywa maji, unapata jina lako la ushujaa. Sijui kama mtauweza..."

"Tusiuweze tuna nini?" Tembo alidakia. "Mimi ni Mashavu wa Mlowezi!"

"Lo! Jina zito!" wazee walishangilia.

Nyati akampiga kikumbo. "Ondoka hapa! Mimi ni Kidawa wa Mchelele! Nani wa kunishinda?"

"Baba, umenaswa!" Ndama alipiga kelele.

"Nyamaza, wakubwa wanazungumza."

Sange alisogea taratibu. "Mzee, unaniruhusu nijaribu kuifungua simu yako? Bila ruhusa yako siigusi."

"Ho ho ho! Jaribu! Neno langu hulijui."

Kweli hakulijua. Alibonyeza tu palipoandikwa "Nimesahau neno la siri." Simu ikauliza: mama yako anaitwa nani? Akaandika. Mto wa kwanza ulikokunywa maji? Akaandika.

Kli! Ikafunguka.

Sange hakuchungulia ndani. Aliigeuza kifudifudi, akamrudishia mwenyewe.

"Mimi nimerudisha, mzee. Lakini yule je?"

Wote wakageuka. Kule nyuma Fisi alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza: "Mashavu... Mlowezi... Kidawa..." Alipoyafumbua na kuona anatazamwa, alichomoka, vumbi tifu!

Tembo aliikamata simu yake. "Majibu haya hubadilishwaje, jamani?"

Wazee waligeuzageuza simu zao huku na huku.

Nyati alivuta pumzi ndefu. Akamwambia Sange abaki, kisha akasogea kidogo kwenye gogo alilokalia. "Ndama, mwanangu. Keti hapa, unionyeshe."

Mtoto hukingwa kwa kufundishwa, si kwa kufokewa.

Nawe uliyesikiliza, nina ombi moja: leo mchezeshe mdogo wako mchezo wa Sange, na ukimnasa, usimcheke.