Kiwira Iende kwa Nani

Sogeeni karibu. Nina jambo la kuwauliza, ila lazima kwanza mlisikie lote.

Walikuwepo watu watatu ambao hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Atupele wa Tukuyu alikuwa mtunzaji; kitu kikiwa mikononi mwake hakiharibiki. Shekiondo wa Lushoto alikuwa fundi. Kompyuta iliyowashinda wengine, kwake iliwaka. Kokubelwa wa Bukoba alikuwa mwandishi wa programu, na subira yake haikuwa na mwisho.

Aliyewaunganisha ni Ambokile, mume wa Atupele. Yeye, Shekiondo na Kokubelwa walikuwa katika kundi la watu wa kujitolea wanaotengeneza toleo lao la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na kuligawa bure. Siku hizi kompyuta karibu zote zina prosesa, ule ubongo wa kompyuta, za aina mbili tatu tu. Ambokile alihudumia aina nyingine, ya zamani, iliyobaki kwa wachache, zikiwemo kompyuta za shule moja ya wasioona kule Makete, ambazo huwasomea wanafunzi kwa sauti. Kila programu huundwa upya kwa kila aina ya prosesa, na kompyuta pekee ya kundi yenye prosesa ile ilikaa sebuleni kwa Ambokile. Aliipa jina la mto wa kwao, Kiwira.

Februari Ambokile akafariki ghafla. Machi kundi likatangaza kwamba prosesa ile ikikosa wa kuihudumia, toleo lijalo litatoka bila hiyo.

Atupele hakujua kuandika programu hata mstari mmoja. Alichojua ni kwamba hataki kusikia Kiwira imenyamaza. Kwa miezi kumi aliifuta vumbi, akaifungulia madirisha joto lilipozidi, na umeme ulipokatika, betri ya sola ya taa za nyumbani akaipa Kiwira. Mchana aliketi kwenye kiti cha mumewe akishona. Kioo cha Kiwira kilipoandika, "Imeundwa Kiwira," alihisi kuna mtu nyumbani bado yuko kazini.

Juni sehemu ya umeme ya Kiwira ikaungua, na vibao vyake vya kumbukumbu vikaungua pamoja nayo, ila diski yenye maandishi ya Ambokile ikapona. Vipuri vyake havikuuzwa tena popote. Shekiondo alikuwa na kompyuta ya aina ileile, aliyojifunzia ufundi ujanani, na kila Jumapili aliiwasha kwa raha zake tu. Akaifungua, akatoa vilivyohitajika, akavituma kwa basi hadi Tukuyu. Kisha akapiga simu.

"Shemeji, bisibisi unayo?"

"Ninayo. Ila naogopa kuiharibu."

"Basi ngoja utulie. Mimi sina haraka."

Saa mbili nzima alimwelekeza, mpaka akasikia feni ikizunguka upande wa pili wa simu. Mezani mbele yake, kompyuta yake mwenyewe ilikuwa wazi, tupu.

Likabaki tatizo la tatu. Programu inayogeuza maandishi ya waandishi kuwa lugha ya prosesa ile ilikuwa na kosa, na kila kilichoundwa kiligoma kufanya kazi. Kokubelwa alilitafuta miezi minane, akiifikia Kiwira kwa intaneti kutoka Bukoba. Alikataa safari, akaahirisha harusi yake mara moja. Novemba alimwandikia Atupele: "Wifi, nimelipata. Lilikuwa mstari mmoja."

Januari toleo likatoka, na prosesa ile ikiwemo. Makete kompyuta zikaendelea kuwasomea wanafunzi.

Lakini kundi lilisema hilo ndilo toleo la mwisho kwa prosesa ile. Kiwira, ambayo ni mali ya kundi, ingetolewa kama shukrani kwa mmoja wa wale watatu. Yusto, mratibu wa kundi, akawauliza kila mmoja anasemaje.

Kokubelwa alisema, "Nipeni mimi. Nitaihudumia ile shule peke yangu. Ila bila kundi, intaneti pekee haitatosha; kazi hiyo inataka niwe nayo karibu, na niifute yote nianze upya."

Shekiondo alisema, "Nirudishiwe vile vipuri vyangu tu. Najua Kiwira haitawaka bila hivyo. Lakini nami nina Jumapili zangu, na tangu Juni sijui nizifanyeje."

Atupele alichelewa kujibu. Kokubelwa akampigia. "Wifi, maandishi yote ya kaka nitakunakilia. Hutapoteza hata herufi."

"Si maandishi," Atupele alisema. "Alikuwa akiiwasha asubuhi kabla yetu sote. Mimi nikiwa bado kitandani, naisikia, najua ameamka. Na watoto wa Makete nao nawaonea huruma. Ndiyo maana sijajibu."

Wote watatu wakaahidi kukubali uamuzi wa Yusto bila kinyongo. Yusto amekaa na barua ya kumtaja atakayepewa, jina bado hajaliandika, wiki ya tatu sasa. Bila mtunzaji, hakuna toleo. Bila fundi, hakuna toleo. Bila mwandishi, hakuna toleo. Na Kiwira ni moja.

Haya, nyinyi mliosikia: barua hiyo ingekuwa yenu, mngeandika jina la nani?