Holo na Kidege wa Mdomo Mwekundu

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na shamba la uwele.
Na juu ya uwele?
Ndege!
Basi sogeeni karibu, aliye mbali asije akasikia nusu.

Zamani sana, ndege waitwao kwelea walikuja kama moshi, wakala uwele wote wa kijiji. Watu wakalala na njaa, wakaamka na njaa. Msimu uliofuata wazee wakaweka sheria: kila ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu ni mwizi. Apigwe kwa teo, kiota chake kichomwe.

Holo alilelewa na bibi yake. Miguu ya bibi ilikuwa imevimba, kwa hiyo Holo ndiye aliyepanda dunguni, kile kichanja cha shambani, kuamia ndege wasile uwele, teo mkononi, madongo makavu pembeni.

"Mjukuu wangu," bibi alimwambia, "shamba hili likiliwa, sisi hatuna pengine."

Ukingoni mwa shamba palikuwa na kichaka cha miiba. Humo mkatoka kidege, mdogo kama kidole gumba, mwekundu kama kaa la moto. Holo akazungusha teo. Kidege akaimba:

"Holo, Holo, usirushe,
nitazame kwanza, kisha urushe."

"Nikutazame nini? Mdomo mwekundu, mwizi!"

"Tazama ninapokula."

Holo akatazama. Kidege alikuwa chini, anaokota mbegu za majani zilizodondoka. Suke la uwele hakuligusa. Holo akashusha teo.

Kidege akarudi kichakani, kisha akatoka tena. Holo akazungusha teo.

"Holo, Holo, usirushe,
nitazame kwanza, kisha urushe."

"Sasa nikutazame nini?"

"Tazama ninayetembea naye."

Alikuwa na mkewe tu, wa rangi ya kahawia. Mmoja akipotea nyuma ya jani, mwenzake anamwita kwa sauti nyembamba, mpaka waonane. Holo akashusha teo.

Kidege akatoka mara ya tatu. Safari hii Holo hakuzungusha kitu.

"Haya, nikutazame nini?"

"Ubavu wangu."

Ubavuni palikuwa na vidoa vyeupe, vidogo, kama amenyunyiziwa unga.

"Wewe si kwelea," Holo akasema.

"Mimi ni jirani yako. Wanangu wamo kichakani, hawajaota manyoya."

Mara akaja Mjomba Masunga, msimamizi wa waamiaji, na kijinga cha moto.

"Holo! Umelala huko juu? Nimemwona mwekundu akiingia kichakani!"

"Mjomba, huyo si kwelea. Anakula chini, na ana vidoa ubavuni."

"Loo! Umetumwa kuamia ndege, wewe unawatazama mbavu! Amekuletea posa?"

Holo akaruka chini, akasimama mbele ya kichaka. Machozi yalimtoka, lakini hakusogea.

"Mjomba, paka ulimbo kwenye masuke haya. Akinasa mwekundu wa kichaka hiki hata mmoja, choma."

"Na bibi yako akikosa uji?"

"Apewe sehemu yangu."

Mjomba akamtazama. Akachomeka kijinga mchangani, akapaka masuke ule utomvu unaonata. Wakajibanza kusubiri.

Kwelea wakaja. Mmoja akanasa. Mwingine akanasa. Mwingine tena. Walipiga mabawa, wapi!

Kisha wale wawili wakatoka kichakani. Wakapita chini ya masuke, wakiokota, wakiitana. Mume akaruka hatua, akaruka hatua, mpaka karibu na mguu wa Mjomba. Ghafla akapaa kuelekea kwenye suke! Holo akafumba macho.

Alipofumbua, kidege alikuwa amelipita suke na anaingia kichakani. Mdomoni alibeba unyoya mweupe wa kuku uliokuwa ukipeperuka juu ya suke, wa kuwatandikia wanawe.

Mjomba akambandua kwelea mmoja, akamgeuza mkononi. Ubavu mtupu, hauna kidoa. Akakishika kijinga, akakizima mchangani. Akakaa chini palepale.

"Mwaka huu nimekwisha kuchoma vichaka vingapi, mwanangu?"

Holo alikaa kando yake, akamshika mkono, wakasikiliza vitoto vikilia njaa mle ndani mwa miiba.

Hadithi yangu imetua hapo. Inatufundisha kwamba kufanana si kuwa mmoja. Anayetaka kumjua mwenziwe amtazame anapokula, anayetembea naye, na anachobeba kupeleka nyumbani.

Na wewe uliyelamba ubuyu, funga mdomo wako mwekundu ukalale. Leo hakuna atakayekurushia dongo!