Kadzo Alivyomsindikiza Masika

Hadithi iko mlangoni!

*Ifunguliwe!*

Imekuja na uwongo wake!

*Iingie nao!*

Na utamu je?

*Ukolee!*

Mmeitika kivivu, lakini basi, naona mmeshiba. Mimi sirudii.

Hapo zamani, zamani kwelikweli, misimu ilikuwa watu. Walitembea kwa miguu, wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakala, wakaaga, wakaenda zao. Walikuwa wanne: Masika mwenye mvua kubwa, Kipupwe mwenye baridi, Vuli mwenye mvua ndogo, na Kiangazi mwenye jua.

Mwaka mmoja Bwana Masika alifika kijiji fulani, akanyesha vizuri, mtama ukakua, ukatoa masuke. Siku zake zilipotimia akasimama, akajifunga shuka, akasema, "Jamani, mimi naaga."

Wanakijiji, kwa zile adabu zetu mnazozijua, wakajibu kwa pamoja: "Aa, Bwana Masika! Mbona mapema? Kaa kidogo!"

Walisema tu. Nani hasemi? Wewe unayecheka hapo, jana ulimwambia nani akae kidogo, na moyoni unaomba aondoke? Lakini Masika hakuzijua adabu hizo. Aliambiwa kaa, akakaa.

Mvua ikanyesha. Ikanyesha. Ikanyesha hata mijusi wakakosa pa kuanika mikia. Wazee wakamwendea, wakamuuliza kwa upole, "Bwana Masika, vipi safari?"

"Safari ipo," akajibu. "Ila mlisema kidogo, na hiyo kidogo bado haijaisha."

Wazee wakatazamana, wakarudi makwao wakiwa wamelowa chapachapa.

Kijijini hapo aliishi Kadzo, mjane mwenye watoto watatu na shamba moja. Asubuhi moja alikwenda shambani, akashika suke la mtama, akakuta punje zimeanza kuota zikiwa bado juu ya bua. Moyo ukampasuka. Siku tatu nyingine za mvua, na wanawe wasingekuwa na chakula mwaka mzima.

Akawaendea wazee. "Mwambieni aende."

"Aibu! Mgeni hafukuzwi!"

"Simfukuzi," Kadzo akasema. "Namsindikiza."

Akauchukua mzigo wa Masika, akajitwika. "Bwana Masika, twende nikutoe." Masika akainuka. Angefanyaje, na mzigo umeshatangulia?

Wakatembea, wakatembea, wakafika njia panda. Kobe akatoa kichwa. "Aa, Bwana Masika! Mbona mapema? Kaa ki..."

"Hakai!" Kadzo akasema, akakibonyeza kile kichwa kikarudi ndani.

Wakatembea, wakatembea, wakafika mtoni. Chura akaruka juu ya jiwe. Huyu hakuwa na adabu yoyote, alikuwa anataka kweli. "Bwana Masika! Kaa kidogo! Kaa sana! Kaa kabisa!"

"Hakai!" Kadzo akasema, akaingia mtoni, maji yakamfika kifuani, mzigo kichwani.

Ng'ambo ya mto Masika akanuna. "Kadzo, unanichukia?"

"Sikuchukii hata kidogo."

"Basi unataka nini? Jua tu mwaka mzima?"

"Loo! Jua mwaka mzima nile vumbi?" Kadzo akautua mzigo, akakamua kanga yake. "Sikiliza ninavyotaka. Wewe nakutaka shamba likishalimwa. Uje na ngurumo zako zote, ukae mpaka mtama unipite kimo, kisha uage. Namtaka Kipupwe na upepo wake mkavu, nivune bila jasho, na jioni wanangu wajibane nami shuka moja. Namtaka Vuli apitepite tu, anipe kunde na mchicha. Na Kiangazi namtaka aanike nafaka yangu, akaushe nyasi niezeke nyumba, anichome mpaka nikukumbuke wewe. Nawataka wote wanne. Ila kila mtu na zamu yake."

Masika akaacha kununa. Hakuna aliyewahi kumwambia anatakiwa mpaka lini.

Wakatembea tena mpaka nyuma ya milima, nyumbani kwa Masika. Ndani mlikuwa na moto, wali wa nazi unanukia, na kitanda kikavu. Kikavu, jamani! Kadzo alikuwa anatetemeka, tumbo tupu, miguu imevimba. Akashusha mzigo, akaaga.

"Aa, Kadzo!" Masika akasema. "Mbona mapema? Kaa kidogo, ule, ukauke."

Kadzo akautazama ule wali, machozi yakamlengalenga.

"Sikai," akasema. "Nashukuru, lakini sikai. Nina mtama shambani, na wanangu wananingoja."

Masika akashangaa. "Kumbe inawezekana kusema hivyo?"

"Inawezekana."

"Mbona nilipoaga hamkuniambia?"

"Tuliona haya."

Kadzo akageuka, akarudi kwa miguu ileile, njia nzima jua limemtangulia. Nusu ya mtama ilikuwa imeoza. Nusu nyingine akaivuna na wanawe, wakala. Lakini wanakijiji hawakumpa raha: "Umemvunjia mgeni heshima! Harudi tena huyo! Mwakani tutapanda mavumbini!" Naye Kadzo akalima shamba lake, huku hofu imemkaa rohoni.

Mwaka ukazunguka. Mashamba yakalimwa. Ngurumo zikasikika, kila mtu akatoka mlangoni na kelele za karibu, karibu! Masika akazipita nyumba zote, akapiga hodi kwa Kadzo.

"Karibu," Kadzo akasema.

"Ahsante," Masika akasema. "Huko kwingine sijui kama wananikaribisha kweli. Wewe ukisema karibu, naamini."

Basi wanangu, mgeni mwambieni mnalotaka, la ndiyo na la hapana. Na mimi nikiwaambia uji umekwisha, umekwisha kweli, msichungulie sufuria.

Hadithi imetoka nje. Aliyeipenda aifuate, aliyeichukia afunge mlango.