Saa Kumi na Mbili ya Nani?

Usinibenulie mdomo. Hujasikia hata neno, umeshaguna! Kama huamini kuwa maziwa ya mlima mzima yaliokolewa na watu wasiojua kukama, nenda kachambue mchicha. Unabaki? Basi sikiliza.

Aikande wa Moshi alikuwa na kampuni ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta, na mafundi watatu. Rweyongeza, aliyetolewa Dar kwa kubembelezwa, alikuwa nyota: kazi ya mwezi huimaliza kwa siku, na majivuno yake usiombe. Salha wa Pangani alikuwa na jicho: kosa halimpiti, hata lako. Mbwambo, Mpare, alikuwa na ulimi: angemfanya simba aombe radhi.

Wafugaji wa mlimani walitaka programu ya kuita magari ya maziwa. Mfugaji aandike kwa simu saa ya kukama, gari limfuate. Wakampa Aikande asubuhi moja ya majaribio. Kazi nyingine hakuwa nayo. Maziwa yakichacha, anafunga kampuni.

Rweyongeza akaiandika peke yake, ikapendeza. Asubuhi ikafika. Ndoo zikajaa, magari yakalala. Mwenyekiti wa wafugaji akapiga simu, sauti imempanda: "Aikande, wachuuzi wako hapa na madumu. Tunawapa kwa bei ya kutupa!"

Salha akapitia ujumbe wa wafugaji. "Kaka nyota, wameandika saa kumi na mbili. Kwao ndipo jua linachomoza. Mashine yako inangoja jua la utosi! Umeisomesha saa ya Kizungu."

Rweyongeza akainamia kompyuta. Vidole vikakimbia. Kazi ambayo wengine wangeisugua hadi jioni, akaimaliza chai haijapoa. Magari yakanguruma.

Lakini mlima ni mlima, kuupanda kunataka muda, na madumu yameshafunguliwa. Mbwambo akanyakua simu. "Mwenyekiti, mtani wangu! Mchaga hatupi hata ganda la ndizi, leo mnagawa maziwa?"

"Mpare mpenda kesi wewe! Ningekuwa mwenzenu, saa hizi niko mahakamani."

"Nenda, ila gari likishafika. Ukinishinda, nakuja kukuchungia mbuzi."

"Mbuzi wangu hawaongei sana, utawachosha!" Mwenyekiti akacheka, na wafugaji wakacheka naye. Wachuuzi wakafunga madumu matupu.

Magari yakapanda yakipiga honi, yakashuka yamejaa maziwa mabichi, matamu. Mwenyekiti akapiga kigelegele kwenye simu: "Kazi ni yenu, mlima mzima! Ila nipeni mkuu wa kazi. Mmoja, wa kumpigia kelele."

Ofisi nzima ikaruka ikishangilia. Kisha mafundi wote watatu wakamgeukia Aikande.

"Ni mimi," akasema Rweyongeza. "Bila mimi hakuna programu. Nikiukosa ukuu, Dar wananingoja."

"Bila mimi ungepongezwa kwa mtindi," akasema Salha. "Ukuu apewe aliyekosea? Naaga."

"Mkimaliza," akasema Mbwambo, "mnikumbushe nani aliwazuia wachuuzi. Dada Aikande, akisimamia mmoja wa hawa, nami narudi Upareni."

Aikande akawatazama. Ushindi mkubwa hivi hakuwahi kuuona, na ulikuwa na mikia mitatu, kila mmoja ukivutia kwake.

Haya, wewe mguna, je, ungemkabidhi nani? Mwenye kasi, mwenye jicho, au mwenye ulimi? Usiniambie wote, mwenyekiti kasema mmoja.

Aikande mwenyewe alisema, "Nikirudi nikute mmeshapatana," akajitanda kanga yake, akatoka, akaubamiza mlango.