Mbogo Alivyojifungia Maji ya Moto

Paukwa!

"Pakawa!"

Masikio yenu yako wapi?

"Haya hapa, mwaga!"

Hapo kale kulikuwa na chemchemi ya maji moto chini ya jabali, ikitokota taratibu, bwaku, bwaku, bwaku. Aliyeumwa mgongo alioga. Aliyekosa usingizi alioga. Wote waliogea hapo, mpaka alipokuja Mbogo.

Mbogo alikuwa na siri. Tangu masika hakupata usingizi, kila kitu kilimuudhi, na pembe zake alizihisi nzito kama za kuazima. Korongo mganga alimwambia, "Ni homoni zako, bwana. Ile ya wasiwasi imejaa, ile ya ubabe imepungua. Kaoge maji ya moto kidogo kidogo, mwili utatulia."

Mbogo aliona haya kama aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe. Hakutaka yeyote amwone akijitibu. Akaenda chemchemini kwa kishindo, gidi, gidi, gidi! "Ondokeni! Kuanzia leo maji haya ni yangu!" Akawa anaoga peke yake, akiingia na kutoka.

Akaja Swala, akafukuzwa. Akaja Kobe, akafukuzwa. Akaja Pimbi, yule mdogo wa kwenye mawe, amembeba mama yake ambaye viungo vyake vilikuwa vimekakamaa.

"Shikamoo, mzee Mbogo."

"Marahaba. Ondoka."

"Mama ana maumivu, mzee. Aingie kidogo tu."

"Nimesema ondoka!"

Pimbi akamtazama, kisha akanong'ona, "Mzee, kumbe nawe ni homoni?"

Moyo wa Mbogo ukaruka, paa! "Nani kakwambia?"

"Macho yako mekundu. Usijali, simwambii mtu. Ila unaoga kama mtoto. Kuingia na kutoka kunaleta usingizi tu. Ukitaka ubabe, zama mpaka shingoni, na usitoke mpaka jua lifike utosini."

Chubwi! Mbogo akazama. Jua likapanda, akakaa. Kichwa kikamzunguka, akakaa. Hasira zikamyeyuka, akatabasamu peke yake, akakaa. Alipotaka kutoka, miguu ilikuwa uji. Akajiinua, bwata! Akajiinua tena, bwata!

"Pimbi! Nisaidie, mwanangu!"

"Peke yangu sikuwezi, mzee. Naita watu."

"Usiite watu!"

Pimbi akaita watu. Wakaja wale wale waliofukuzwa, na nyuma yao mkewe Mbogo na kundi zima. Wakamzungushia mizizi kiunoni, wakavuta, haya! haya! mpaka akatoka tumbo juu, mvuke ukimfuka masikioni.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Swala alimletea maji baridi. Kobe alimpepea kwa jani. Mbogo akafumba macho asiwaone, lakini machozi yakapenya.

"Baba watoto," mkewe akasema, "si ungeniambia?"

"Niliona aibu," akajibu, na wote wakasikia.

Akalala palepale siku mbili, akikoroma. Alipoamka, mama yake Pimbi alikuwa majini, amejinyoosha vizuri.

"Umelala salama, baba?"

Mbogo hakuweza kumtazama usoni. Akainamisha kichwa, akaenda kusimama kwenye foleni, nyuma ya Kobe. Na mwendo wa Kobe mnaujua wenyewe.

Hadithi yangu imetoka majini, nami nimejifuta.

Funzo lake? Ukiwa mkubwa na unaumwa, usimwambie mtu. Fukuza wote, oga peke yako. Ila hakikisha wako karibu, wakusikie ukiita.